Al-Jazari, Fundi Aliyejua Kuziba na Kuzibua

Wanaomjua Al-Jazari aghalabu humjua kwa ndovu wake. Ni ile saa ya maji aliyoitengeneza kwa sura ya ndovu wa Kihindi, na juu ya mgongo wake mna majoka ya Kichina, ndege wa Kimisri na watu waliovaa vilemba vya Kiarabu. Kila ipitapo nusu saa ndege hulia, joka huinama, na mwendesha ndovu humpiga mnyama wake. Mfano mkubwa wa saa hiyo umesimama Dubai, katika jumba la maduka lililopewa jina la Ibn Battuta, na ndugu zetu wengi wa Pwani waendao huko kwa biashara wamepiga picha mbele yake.

Leo nataka kumweleza bwana huyu kwa kupitia mlango mwingine, mlango mdogo sana. Nataka kumweleza kwa vizibo vyake. Nisemapo kizibo sina maana ya nta au lami ibandikwayo juu ya tundu mambo yakaisha. Kuziba mara moja si kazi kubwa. Kazi ni kuziba tundu dogo lisivuje, kisha kulizibua, kisha kuliziba tena, na mara ya mia iwe sawasawa na mara ya kwanza. Katika miezi iliyopita nimeitafuta kazi ya namna hiyo katika mitaa ya Kibera na Kawangware, mjini Nairobi, kwa sababu nitakazozieleza mbele, na kila nilikokwenda nilikuta nyayo za mtu huyu aliyefariki zaidi ya miaka 800 iliyopita.

Jina lake kamili ni Badi az-Zaman Abul-Izz Ismail bin ar-Razzaz al-Jazari. Badi az-Zaman ni lakabu ya sifa, yaani ajabu ya zama zake. Ar-Razzaz ni muuza mchele, kwa hivyo hapana shaka katika wazee wake alikuwako mtu wa biashara ya mchele. Na al-Jazari ni mtu wa al-Jazira, ile nchi ya juu iliyo baina ya mto Dijla na mto Furati, ambayo leo imegawanyika baina ya Uturuki, Sham na Iraki. Yote yasimuliwayo juu ya maisha yake yametoka katika dibaji fupi ya kitabu chake mwenyewe. Mtu atakayetaka kujua alioa lini, au alikuwa na watoto wangapi, hatapata kitu humo. Al-Jazari alijieleza kwa kazi ya mikono yake tu, na mimi namheshimu zaidi kwa hilo.

Aliingia katika utumishi wa ukoo wa Artuq, Waturuki waliotawala nchi ya Diyar Bakr, mwaka wa 570 Hijria, ulioanza mwaka 1174. Akawatumikia kiasi cha miaka 25: kwanza Nuruddin Muhammad, kisha mwanawe Qutbuddin Sukman, kisha mwana mwingine, Nasiruddin Mahmud. Mji wao mkuu ukawa Amid, ambao leo ni Diyarbakır, mji wa kuta za mawe meusi kandokando ya Dijla. Ukoo huo uliupata mji huo mwaka 1183 kwa mkono wa Salahuddin al-Ayyubi, aliyeuteka kisha akampa Nuruddin. Ili msomaji azipime zama hizo kwa kipimo cha nyumbani, msikiti wa Kizimkazi kule Unguja, wenye maandishi ya mwaka wa 500 Hijria, yaani 1107, ulikuwa na umri upatao miaka 70 Al-Jazari alipoanza kazi.

Kwa wafalme hao alikuwa mkuu wa mafundi. Tusimdhanie kuwa mwanachuoni akaaye na kalamu huku wengine wakishika nyundo. Alifua, alilehemu, alimimina shaba katika kalibu, na alipokosa alivunja akaanza upya. Siku moja Mfalme Mahmud akamwambia kwamba vitu alivyovitengeneza havina mfano, na kwamba jitihada yake isiachwe ikapotea. Basi na aandike kitabu. Al-Jazari akaandika. Kitabu kikawa na vyombo 50 katika mafungu sita: saa za maji na za mishumaa, vyombo vya kunywea, mabirika na mabeseni, chemchemi na zumari zinazojipuliza, mitambo ya kupandisha maji, na fungu la mwisho la vitu mbalimbali. Sina haja ya kuficha kwamba fungu lile la vyombo vya kunywea lilikuwa kwa ajili ya karamu za wafalme ambazo si kila kinywaji chake kilikuwa sharubati. Wafalme walikuwa wafalme, na fundi alifanya alichoagizwa.

Lakini Mfalme Mahmud huyohuyo aliagiza pia kitu ambacho kila msomaji wa ukurasa huu atakiona kuwa cha karibu. Hakupenda mtumishi au kijakazi asimame mbele yake kummiminia maji mikononi anapotawadha. Akataka kitu cha kumiminia. Al-Jazari akamtengenezea mtumishi wa shaba mwenye birika, anayemimina maji kwa kiasi kisha akanyamaza. Akatengeneza na beseni la tausi: maji yatumikayo hushuka chini, hupandisha boya, na boya hufungua mlango mdogo ambamo hutokeza sanamu ya mtumishi na unga wa kunawia, maji yakizidi hutokeza wa pili na kitambaa cha kujifutia. Watu wengi wakisoma habari hii hucheka na kustaajabia tausi. Mimi nawaomba watazame ndani ya birika. Ni nani amwambiaye yule mtumishi wa shaba amimine sasa, na asimimine tena? Ni kizibo.

Kizibo chenyewe kina umbo la pia, ile pia ya watoto wa Pwani wanayoichezesha kwa uzi. Tazama ilivyo: juu nene, chini nyembamba. Ukiwa na tundu lenye umbo hilohilo, ukaitumbukiza pia ndani yake, hufika mahali ikakaa, na kwa kuwa imegusana na tundu kwa duara zima, maji hayana pa kupita. Ukiinua kwa unywele mmoja tu, maji yanapita pande zote. Ukishusha, yamekatika. Hakuna skrubu wala mpira, na hakuna kuzungusha mara saba. Umbo hili hakulibuni yeye. Wana watatu wa Musa bin Shakir, waliokuwa Baghdad katika karne ya tisa, walikwisha litumia katika kitabu chao cha vyombo karibu 100, kilichoandikwa kiasi cha mwaka 850. Al-Jazari alikijua kitabu hicho. Siku hizi kuna watu wapendao kumpa Al-Jazari kila kitu, hata alivyovikuta vimekwisha fanywa, na naona hawamtendei haki, kwani sifa yake iko mahali pengine.

Sifa yake ni kwamba alieleza namna ya kukifanya kizibo kikazibe kwelikweli. Unaweza kumimina pia ya shaba na tundu la shaba katika mchanga, na kwa macho vikaonekana vimelingana, lakini maji hayadanganywi kwa macho. Palipo na uwazi wa nywele yatapita. Al-Jazari akaeleza kwamba pia na tundu lake visagwe pamoja, kimoja ndani ya kingine, baina yao ukitiwa unga wa jiwe la msasa, mpaka kila kimoja kimchonge mwenzake na maji yasipenye. Wazee wetu maseremala, kabla ya msasa wa karatasi kufika madukani, walilainisha mbao kwa majani ya mti wa msasa, na wanajua maana ya kusugua mpaka mkono ukuambie basi. Huo ndio uvumilivu ninaousema.

Sasa nieleze yaliyonipeleka mimi Kibera. Kazi yangu ni kuchora mapambo. Niliombwa kuchora kidani cha bibi arusi chenye kichupa kidogo ndani yake cha mafuta ya udi, kiasi cha mililita 3, ili bibi arusi ajipake mwenyewe wakati autakao bila ya kuitisha mkoba. Kuchora kulichukua siku mbili. Kizibo kilichukua miezi minne. Vile vichupa vya plastiki vya barabara ya River Road vina vifuniko vya skrubu, na mtu aliyewahi kutia kimoja mfukoni mwa kanzu anajua mwisho wake. Mafuta ya udi si maji. Hutambaa polepole juu ya mikato ya skrubu, na asubuhi utakuta doa. Skrubu yenyewe haizibi kitu. Kizibacho ni kile kipande cha mpira kilicho ndani ya kifuniko, na mafuta mazito ya manukato huulainisha mpira wa kawaida mpaka ukafa. Hata mrashi wa fedha wa Lamu, ambao shingo yake huzungushwa kwa skrubu, haulazwi ubavu ukiwa na marashi ndani, husimamishwa. Kidani hakisimami. Kidani hulala kifuani, na chini yake mna hariri.

Vizibo vizuri vidogo vipo katika nchi za viwanda. Nilipouliza, nikaambiwa vinauzwa kwa maelfu, na mimi nilikuwa nikihitaji 200 kabla ya mwezi wa Shaabani, mwezi wa arusi zetu. Na mwenye duka aliyeniagiza, ambaye sitamtaja, alikuwa amesema wazi kwamba vikivuja atachukua vidani vilivyokwisha tengenezwa kutoka nje, na habari ya mafundi wa hapa asiambiwe tena.

Kibera wengi huijua kwa habari za umaskini na kura. Watu wa Pwani wanapaswa kuijua pia kwa Wanubi, ndugu zetu Waislamu waliokaa hapo tangu mwanzo wa karne ya 20. Walikuwa askari wa jeshi la King's African Rifles na jamaa zao, na jina la mtaa limetokana na neno lao Kibra, yaani msitu. Wamesubiri zaidi ya miaka 100 kupewa hati ya ardhi yao, wakaipata mwaka 2017, ya ekari 288. Nyumbani mwao utakuta tabaga, vifuniko vya chakula vilivyosukwa kwa rangi kali, ambavyo mtu wa Lamu au Pate akiviona atasema hizi ni kawa. Navyo, kama kawa, vina umbo la pia. Inaelekea kila mtu mwenye akili ya kufunika kitu hulifikia umbo hilo.

Kibera ni mahali pa shaba pia. Mafundi wake hununua mabomba yaliyokufa na makufuli yaliyovunjika, huyayeyusha kwa makaa, humimina katika mchanga, na kutoka humo hupatikana pete, bangili na herini, nyingine zikichanganywa na mifupa ya ng'ombe iliyokatwa na kung'arishwa hata ikafanana na pembe. Mapambo hayo huuzwa mbali, na mvaaji huenda hajui kwamba mkononi mwake mna bomba la maji la Nairobi. Mwaka 2022, serikali ilipopiga marufuku biashara ya vyuma chakavu tangu Januari hadi Mei kwa sababu ya wizi wa nguzo za umeme, mafundi wa namna hii walikaa na moto uliozimika, na hakuna gazeti lililowaandika sana.

Fundi niliyemwendea hayuko mbali na Makina. Ni mzee mtaratibu, aliyeniita mwanangu tangu salamu ya kwanza. Akakitazama kichupa nilichochora, akaniambia kuwa mwili wa chombo si tabu, na ndani atautia bati kama zilivyokuwa zikitiwa sufuria za shaba zamani, ili mafuta yasigeuke kijani. Kuhusu kifuniko akatikisa kichwa. Kukata skrubu ndogo namna ile kwa mkono, akasema, chuma cha kukatia huvunjikia ndani ya shaba, na ukivunja vitatu umekula faida ya wiki. Nikamweleza habari ya pia ya Al-Jazari. Hakuwa amesikia jina hilo, lakini alinielewa kabla sijamaliza sentensi, akachukua kipande cha shaba akakereza pia ya ukubwa wa punje ya mtama na tundu lake. Ikaonekana nzuri. Tukatia mafuta, tukapindua juu ya karatasi, na baada ya sala ya Adhuhuri doa lilikuwapo. Hapo ndipo lilipokosekana lile fungu la pili la elimu, kule kusaga.

Elimu hiyo nilikuwa nimeiona Kawangware, nayo si mbali: unavuka barabara ya Ngong, unapita Dagoretti Corner, na mara unafika. Kandokando ya Naivasha Road wako mafundi wa magari na pikipiki, na kazi moja yao ya kila siku huitwa kusaga vali. Injini inapochoka, vali zake haziketi vizuri tena, na nguvu hutoroka. Fundi huitoa vali, huipaka dawa nzito yenye unga wa msasa, huirudisha mahali pake, huibandika fimbo yenye kikombe cha mpira, kisha huipekecha baina ya viganja viwili kama mtu anayewasha moto kwa upekecho na ulindi. Hupekecha, huinua, hugeuza, hupekecha tena. Akimaliza humimina petroli juu yake na kungoja. Ikipenya tone, huanza upya. Nilisimama pale nikimtazama kijana mmoja afanye hivyo, nikasema moyoni, huyu ni mwanafunzi wa Amid. Pia, tundu, unga wa msasa, na maji yanayoamua. Hapana kilichopungua.

Kijana yule, kwa ajili ya kofia yangu, aliniita shehe, jina wanalotupa Nairobi sote wavaao kofia hata tukiwa hatujui kusoma khutba. Nikamwonyesha ile pia ya punje ya mtama niliyoitia ndani ya leso. Akacheka, kwani kwake vali ni kitu cha kujaza kiganja. Akatafuta dawa yake laini kuliko zote, akaipekecha kwa vidole viwili badala ya viganja, na muda wa kunywa chai haukuisha kabla ya kupatikana ile pete ya kijivu iliyozunguka pia bila kukatika, ambayo ndiyo alama kwamba chuma kimegusa chuma pande zote.

Kilichonishughulisha tangu siku ile ni kwamba watu hao wawili hawakujuana. Mmoja anamimina na kukereza shaba Kibera, mwingine anasaga vali Kawangware, na baina yao ni safari fupi ya matatu. Al-Jazari alikuwa na elimu zote mbili katika mkono mmoja, na ya tatu pia, ya kuandika. Mzee wa Makina ana vijana wawili wanaojifunza kwake. Anajua mchanga upi uwe na unyevu kiasi gani, na shaba ya kufuli inavyotofautiana na shaba ya bomba ikiyeyuka, na hakuna hata neno moja lake lililo katika karatasi. Al-Jazari alikuwa na mfalme wa kumwambia aandike.

Kusaga peke yake hakukutosha, na hapa Al-Jazari alitufaa mara ya pili. Pia nyembamba mno hung'ang'ania tunduni mpaka ukaitoa kwa koleo. Pia pana mno huachia mtu akitingisha kifua. Ukichagua iliyo katikati, iliyo rahisi kutoka kwa kidole, lazima kiwepo kitu cha kuishika isiruke. Katika fungu la saa mna saa zake za mishumaa. Mshumaa umo ndani ya ala ya shaba, chini yake mna uzito unaousukuma juu kadiri unavyoungua, na kwa kupanda huko gololi hudondoka kutoka mdomo wa ndege kuonyesha saa zilizopita. Juu ya ala mna kofia yenye tundu dogo la kupitisha utambi. Kofia hiyo lazima iondoke kila mara ili mshumaa mpya utiwe, na lazima ikae imara, kwani mshumaa unaisukuma kutoka chini usiku kucha. Al-Jazari akaifunga kwa namna ambayo sisi sote tunaijua kutokana na balbu za taa, zile zenye pini mbili ubavuni: unasukuma, unazungusha kidogo, zimeshika. Ukitaka kutoa, unasukuma tena na kurudisha.

Nilipompelekea mzee wa Makina habari hiyo hakuhitaji kuchorewa. Alikwenda ukutani, akatoa balbu, akairudisha. Pini mbili fupi kama ncha za sindano, na mikato miwili iliyopinda, ni kazi ya tupa na keekee tu. Haihitaji chuma cha kukatia skrubu. Ikawa pia inaziba na pini zinashika, kila kimoja na kazi yake. Katika sita za kwanza, nne zilikaa usiku kucha zimepinduliwa juu ya karatasi nyeupe bila ya doa, na mbili zikarudi Kawangware kusagwa tena. Vidani 200 havikutimia kwa Shaabani ile. Vilitimia 60, na mwenye duka akavichukua, akaagiza vingine, na akakubali kungoja.

Nimekaa sana juu ya kizibo na mshumaa, lakini msomaji asidhani mtu huyu alikuwa wa vitu vidogo tu. Saa yake ya ngome ilipita mita 3 kwa urefu, ikionyesha mwendo wa jua na mwezi na nyota, na wapiga ngoma na tarumbeta chini yake. Alihesabu saa 12 tangu jua kuchomoza hadi kuchwa, kama tunavyoanza sisi kuhesabu saa moja asubuhi, ila saa zake zilirefuka wakati wa joto na kufupika wakati wa baridi, na kwa hivyo maji yalihitaji kupunguzwa au kuongezwa siku kwa siku. Kilichozuia mwendo wa maji usibadilike ovyo ni pia ileile, safari hii imekaa juu ya boya: maji yakipanda boya hupanda na kuziba, yakishuka boya hushuka na kuzibua. Mwenye tangi la choo nyumbani analo boya la ukoo huo.

Na kwa ajili ya kurekebisha maji kwa majira alikirithi kifaa cha nusu duara kilichonasibishwa kwa Archimedes wa Wagiriki. Mtu mwingine angekinakili kwa heshima ya jina lile kubwa. Al-Jazari alikipima kwa maji, akakiona hakisemi kweli, akakiacha, akatengeneza cha duara kamili na kukipima vilevile. Ndivyo ilivyokuwa desturi yake. Aliwasoma waliotangulia, akaona kwamba baadhi yao waliandika wasichokijaribu, na yeye hakuridhika na jambo ambalo halikupita mikononi. Alitengeneza mifano ya karatasi kabla ya kukata shaba. Alibandika mbao tabaka juu ya tabaka ili zisipinde. Alitengeneza mlango wa shaba wa kasri ya Amid, na kufuli la sanduku lifungukalo kwa kupanga herufi, lisilo na ufunguo wa kuibiwa. Pampu yake ya mitungi miwili ni habari ya siku nyingine.

Inasemwa alifariki mwaka 1206. Mwaka huohuo, wa 602 Hijria, ulinakiliwa msahafu wa kitabu chake ambao ndio wa kale zaidi katika zilizobaki, nao uko Istanbul, katika hazina ya kasri ya Topkapi. Nakala nyingine hazikupata bahati hiyo. Moja iliyoandikwa Sham mwaka 1315 ilichanwa, kurasa zake zikauzwa mojamoja kwa ajili ya picha, na ukurasa wa ndovu uko leo katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, umetengwa na maneno yaliyoufuata. Mwaka 1974 Mwingereza Donald Hill, ambaye mwenyewe alikuwa mhandisi, alikitoa kitabu chote kwa Kiingereza, na mwaka 1979 mjini Halab kikachapishwa kwa Kiarabu chake kwa uhariri wa Ahmad Yusuf al-Hassan. Baina ya miaka hiyo, mwaka 1976, palipofanywa maonyesho makubwa ya Kiislamu mjini London, mafundi waliichukua michoro yake wakaijenga upya saa ya ngome katika jumba la makumbusho la sayansi, wakatia maji, na ikaenda.